Jina la Ukoo la Walsh: Asili Yake na Kuenea Kwake

Utangulizi

Mtu achunguzaye majina ya koo hukabiliwa na kishawishi kimoja tangu mwanzo wa kazi yake, nacho ni kudhani kwamba watu wote wenye jina moja wametoka kwa babu mmoja. Dhana hii huwa na nguvu zaidi katika nchi ambazo maisha ya jamii yalijengwa juu ya nasaba, na Ayalandi ni mojawapo ya nchi hizo. Hata hivyo, miongoni mwa majina yaliyoenea sana nchini humo limo moja ambalo humwonya mtafiti asiiamini dhana hiyo upesi.

Mnamo mwaka 1894, Robert Matheson wa ofisi ya usajili ya Ayalandi alitoa taarifa maalumu juu ya majina ya koo, akitegemea vizazi vilivyosajiliwa mwaka 1890. Alikadiria kwamba watu wapatao 62,600 waliitwa Murphy, 55,900 Kelly, 43,600 Sullivan, na 41,700 Walsh. Matatu ya kwanza kila moja lina mtu ndani yake: Murchadh, Ceallach na Súileabhán, ambao wazao wao walijiita kwa majina yao. La nne halina mtu. Maana yake ni "mwenye asili ya Wales", na neno "Wales" lenyewe, likifuatwa hadi kwenye chimbuko lake, maana yake ni "wageni". Hivyo basi, jina la nne kwa wingi katika nchi ya Ayalandi ni jina la kumwita mgeni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na jinsi jina hilo lilivyosafiri kutoka Ayalandi hadi Ufaransa, Kanada, Marekani na Ajentina. Hoja itakayotetewa ni kwamba Walsh si jina la ukoo mmoja uliotawanyika, bali ni sifa waliyobandikwa watu wengi wasiohusiana, mahali pengi, kwa nyakati mbalimbali. Kwa hiyo historia yake ni zaidi ya historia ya damu. Ni historia ya kuita na kuitwa: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumpa mwenzake jina, na aliyepewa alilifanyia nini.

Majina ya Koo Katika Kiayalandi

Waayalandi walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo barani Ulaya kutumia majina ya koo yanayorithiwa. Desturi hiyo ilianza kukita mizizi katika karne ya 10 na ya 11. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Neno "mac" maana yake ni mwana, na neno "Ó" maana yake ni mjukuu au mzao. Mtu alichukua jina la baba au la babu mashuhuri, akaliwekea mojawapo ya maneno hayo mbele yake. Wazao wa Brian Boru, mfalme aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, wakawa Ó Briain, ambao leo Kiingereza huwaandika O'Brien.

Majina haya huonyesha pia jinsia ya mwenyewe. Mwanamume wa ukoo wa Kelly huitwa Ó Ceallaigh, lakini dada yake huitwa Ní Cheallaigh, kwa kuwa "Ní" ni ufupisho wa maneno yenye maana ya binti wa mzao wa fulani. Sarufi na nasaba zimefungamana hivi kwamba jina zima ni sentensi fupi juu ya uzao.

Sasa Walsh kwa Kiayalandi ni Breathnach. Mtu asiyeijua lugha hiyo aweza kulitamka kwa kukadiria "Brahnakh", herufi mbili za mwisho zikitamkwa kama katika neno "kheri". Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba jina hili halina "Ó" wala "mac". Halidai babu yeyote. Kisarufi ni kivumishi kilichoundwa kutokana na jina la mahali, na lina tabia za kivumishi. Likifuata jina la mwanamke, konsonanti yake ya kwanza huweza kulainishwa kama vivumishi vinavyofuata nomino za kike, nalo likawa Bhreathnach. Ndivyo alivyoliandika Niamh Bhreathnach, aliyekuwa waziri wa elimu wa Ayalandi katika miaka ya 1990. Sarufi yenyewe, kwa hiyo, yatoa ushahidi kwamba jina hili ni la namna nyingine kabisa.

Maana na Umbo la Jina

Neno Breathnach lina sehemu mbili. Shina latokana na "Breatain", yaani Britania, na kiambishi tamati "-ach" huunda neno lenye maana ya mtu wa mahali fulani. Kiambishi hicho hufanya kazi iliyo karibu na ile inayofanywa na viambishi awali "M-" na "Wa-" katika lugha za Kibantu. Kwa kiambishi hicho hicho Waayalandi husema "Éireannach", Mwayalandi, "Albanach", Mskoti, na "Sasanach", Mwingereza. Nchi ya Wales kwa Kiayalandi ni "An Bhreatain Bheag", Britania Ndogo. Kwa hiyo Breathnach ni Mbritoni, na hasa Mwelshi.

Upande wa Kiingereza una hadithi ndefu zaidi. Watu waliosema lugha za Kijerumaniki walikuwa na neno moja la kuwaita majirani wao waliosema lugha za Kikelti au Kilatini. Wanaisimu wengi huamini kwamba neno hilo lilitokana na jina la kabila la Kikelti lililoitwa Volcae, ambalo Julius Caesar alilitaja katika maandishi yake. Jina la kabila moja likapanuka likawa jina la kila mgeni wa upande ule. Waanglo-Saksoni walipoingia Britania walilichukua katika umbo la "wealh", wingi wake "wealas", wakawaita hivyo Wabritoni waliowakuta. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba baada ya muda neno hilo lilipata pia maana ya mtumwa. Waliokuja kwa mashua waliwaita wenyeji wageni, kisha wakawaita watumwa.

Neno hilo limeacha alama kote Ulaya. Limo katika jina la Wales, katika silabi ya mwisho ya Cornwall, katika jina la Wawaloni wa Ubelgiji, katika jina la Wavlaki wa nchi za Balkani, na hata katika neno ambalo Wapolandi hutumia kuiita nchi ya Italia. Wawelshi wenyewe hawajiiti hivyo. Hujiita "Cymry", neno lililotokana na Kibritoni cha kale lenye maana ya watu wa nchi moja. Yaani watu wale wale ambao kwa ulimi wao ni "wenzetu", kwa ulimi wa jirani ni "wageni".

Msomaji wa Afrika Mashariki hatayaona mambo haya kuwa mageni. Neno "Mswahili" latokana na neno la Kiarabu "sawahil", yaani pwani, nalo lilitumiwa kwanza na watu waliofika kutoka ng'ambo ya bahari. Wenyeji kwa muda mrefu walijitambulisha kwa miji yao, wakiwa Waamu, Wapate au Wamvita. Kadhalika umbo la Breathnach lafanana na lile ambalo Waarabu huliita nisba. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyefariki mwaka 1909, alijulikana kwa nisba ya al-Barawi kwa sababu alitoka Barawa. Hakuna anayedhani kwamba kila mtu aitwaye al-Barawi ni ndugu yake wa damu. Walsh wapaswa kutazamwa kwa jicho hilo hilo.

Kuingia kwa Jina Nchini Ayalandi

Jina hili liliingia Ayalandi pamoja na vita. Mwaka 1166 Diarmait Mac Murchadha, mfalme wa Leinster, alifukuzwa katika milki yake. Alivuka bahari kumwomba msaada Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza, naye akampa ruhusa ya kuandikisha askari miongoni mwa raia wake. Diarmait aliwapata kusini mwa Wales, ambako mabwana wa Kinomani walikuwa wamejitwalia ardhi kwa miaka karibu mia moja na kuoana na wenyeji. Mwezi wa Mei mwaka 1169 kikosi cha kwanza, kikiongozwa na Robert fitz Stephen, kilishuka Bannow katika pwani ya Wexford. Mwaka 1170 akafuata Richard de Clare, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya Strongbow, akauteka mji wa Waterford. Mwaka 1171 mfalme Henry alikuja mwenyewe kuhakikisha kwamba watumishi wake hawajifanyi wafalme.

Majeshi haya huitwa ya Wanomani, lakini ndani yake walikuwamo Wawelshi wengi, hasa wapiga mishale. Robert fitz Stephen mwenyewe alizaliwa na Nest, binti wa mfalme Rhys ap Tewdwr wa Wales. Hata hivyo si kila aliyetoka Wales aliitwa Mwelshi. Mabwana wakubwa walikuwa na majina yao: wengine walijiita kwa baba zao, wakitumia neno la Kifaransa "fitz" lenye maana ya mwana, na wengine kwa mashamba yao ya Wales, kama vile Prendergast na Roche. Walioitwa Mwelshi kwa kawaida walikuwa wale ambao hawakuwa na jina kubwa la kuwatangulia: askari wa kawaida, wakulima na mafundi waliofuata baadaye kutafuta ardhi.

Waandishi wa hati waliwaandika watu hawa kwa lugha tatu. Katika Kilatini mtu alikuwa "Walensis". Katika Kifaransa cha Wanomani alikuwa "le Waleys". Katika Kiingereza alikuwa "Walsh". Jirani zake wa Kiayalandi nao walimwita Breathnach. Huenda mtu huyo mmoja aliyaitikia majina yote manne kwa siku moja, akitegemea alikuwa mahakamani, kwa bwana wake, sokoni au shambani. Kutokana na umbo la Kifaransa ndipo lilipotokea pia jina la Wallace huko Uskoti, alilokuwa nalo William Wallace aliyeuawa na Waingereza mwaka 1305.

Masimulizi ya koo za Walsh za Waterford na Kilkenny humtaja Haylen Brenach, mwana wa Philip Mwelshi, aliyekuwa miongoni mwa wavamizi wa kwanza, kuwa ndiye babu yao. Yamkini masimulizi hayo yana ukweli kwa koo hizo. Lakini hayawezi kuwaeleza Walsh wa Mayo, wa Cork au wa Galway. Kila mahali ambapo mtu wa Wales alikaa kati ya watu wasio wa Wales, jina lilizaliwa upya. Edward MacLysaght, mtaalamu mkubwa wa majina ya koo ya Kiayalandi katika karne ya 20, alionyesha kwamba jina hilo lapatikana katika kila wilaya ya nchi hiyo, na kwamba katika Mayo, mbali sana na pwani ya Wexford, ndilo la kwanza kwa wingi.

Mgeni Kuwa Mwenyeji

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa hawakungoja kupewa. Jembe na shamba walitwaa wenyewe. Hata hivyo nchi iliwabadili. Kusini mwa Kilkenny, wazao wao waliitawala milima ambayo hadi leo yaitwa Milima ya Walsh, wakiwa na ngome yao Castlehowel, mahali penye jina la Kiwelshi la Hywel ndani yake. Baada ya vizazi kadhaa walisema Kiayalandi, wakavaa na kuoa kama Waayalandi.

Serikali ya Kiingereza haikufurahishwa na mabadiliko haya. Mwaka 1366 bunge lililokutana Kilkenny lilipitisha sheria zilizowaamuru watu wa asili ya Kiingereza watumie lugha ya Kiingereza, wajiite kwa majina ya Kiingereza na waache desturi za Kiayalandi. Mbele ya sheria hizo wazao wa Wawelshi waliokuja na Wanomani walihesabiwa kuwa Waingereza. Mwaka 1465 bunge likageukia upande wa pili: Waayalandi waliokaa katika wilaya za Dublin, Meath, Louth na Kildare waliamriwa kujitwalia majina ya Kiingereza, ama ya miji, ama ya rangi, ama ya kazi kama vile uhunzi na useremala. Sheria zote mbili zakiri jambo moja, kwamba jina lilikuwa mpaka, na mpaka huo ulikuwa ukivukwa kila siku.

Mwenye jina la Walsh alisimama juu ya mpaka wenyewe. Hakulazimika kutafuta tafsiri, kwani jina lake lilikuwa na umbo la Kiingereza na la Kiayalandi tangu mwanzo, na maumbo yote mawili yalikuwa na maana ile ile. Faida ya hali hiyo yaonekana katika maisha ya Nicholas Walsh, mzaliwa wa Waterford aliyekuwa askofu wa Kiprotestanti wa Ossory. Yeye na mwenzake Seaán Ó Cearnaigh walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa uchapaji wa vitabu kwa Kiayalandi. Kitabu cha kwanza cha lugha hiyo kupigwa chapa nchini Ayalandi kilitoka Dublin mwaka 1571. Walsh alianza pia kulitafsiri Agano Jipya, lakini mwaka 1585 aliuawa kwa kisu nyumbani kwake na mtu aliyekuwa amemwita mbele ya baraza la kanisa. Mtu ambaye jina lake lilimtangaza kuwa mgeni ndiye aliyetaka lugha ya wenyeji iandikwe na kusomwa.

Karne ya 17 ilikamilisha kazi hiyo ya kuunganisha. Wazao wa Wanomani na Wawelshi walikuwa wamebaki Wakatoliki, na jambo hilo liliwatenganisha na walowezi wapya wa Kiprotestanti. Waandishi wa Kiayalandi waliwaita "Sean-Ghaill", wageni wa kale. Seathrún Céitinn, mwanahistoria ambaye yeye mwenyewe alikuwa wa jamii hiyo, alilitumia neno "Éireannaigh", Waayalandi, kuwajumlisha wageni wa kale na wenyeji wa asili katika taifa moja. Cromwell alipofika mwaka 1649, na mashamba yalipotwaliwa katika miaka iliyofuata, wengi wa kina Walsh waliyapoteza mashamba yao pamoja na majirani wao wenye "Ó" na "mac". Jina lilibaki la mgeni, lakini msiba ulikuwa wa mwenyeji.

Kuenea Ulaya

Safari ya kwanza kubwa ya jina hili nje ya Ayalandi ilitokana na kushindwa vitani. Baada ya Mapatano ya Limerick ya mwaka 1691, maelfu ya askari Wakatoliki walikwenda Ufaransa, na wafanyabiashara wa bandari za kusini waliwafuata au waliwatangulia. Miongoni mwao ilikuwamo familia ya Walsh iliyokaa Saint-Malo na baadaye Nantes. Antoine Walsh, aliyezaliwa Saint-Malo mwaka 1703, alikuwa mwenye meli tajiri. Mwaka 1745 ni meli yake, Du Teillay, iliyomchukua Charles Edward Stuart hadi Uskoti kudai kiti cha ufalme wa babu zake.

Tendo hilo limemletea Antoine Walsh sifa katika vitabu vingi. Haifai, hata hivyo, kunyamazia mali yake ilitoka wapi. Nantes ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa katika biashara ya watumwa, naye alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa biashara hiyo. Mwaka 1748 alianzisha kampuni iliyoitwa kwa jina la Angola, ambayo kazi yake ilikuwa kuwanunua Waafrika katika pwani ya magharibi na kuwapeleka visiwa vya Amerika. Alifariki katika koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, mwaka 1763. Familia yake ilipata ukabaila wa Serrant na kuingia katika daraja la juu la Ufaransa. Neno ambalo Waanglo-Saksoni walilitumia kumwita mgeni, kisha mtumwa, sasa lilikuwa jina la mwuza watumwa. Hapana budi mtafiti alikumbuke jambo hilo kila anapokuta historia ya waliohamishwa ikisimuliwa kana kwamba aliyeonewa hawezi kuonea.

Kuenea Amerika

Safari ya pili ilikuwa ya wavuvi. Katika karne ya 18, meli zilizokwenda kuvua katika bahari ya Newfoundland zilipita Waterford kuchukua chakula na vibarua. Vijana kutoka Waterford, kusini mwa Kilkenny na Wexford, yaani eneo lile lile ambako kina Walsh walikuwa wengi, walikwenda kwa msimu mmoja au miwili, na wengi hawakurudi. Waayalandi waliita kisiwa hicho "Talamh an Éisc", Nchi ya Samaki. Kwa sababu wahamaji walitoka katika eneo dogo, majina machache yalihamia kwa wingi, na Walsh likawa miongoni mwa majina yaliyoenea sana huko. Newfoundland ilipojiunga na Kanada mwaka 1949, luteni gavana wake wa kwanza alikuwa Albert Walsh.

Safari ya tatu ilikuwa ya njaa. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha kuwa Ayalandi ilikuwa na watu 8,175,124. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliangamiza viazi, ambavyo vilikuwa chakula cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Mwaka 1851 walihesabiwa 6,552,385. Mayo na Galway ziliumia sana, na kwa kuwa ndiko ambako akina Walsh walikuwa wengi, jina hilo lilijaa katika meli zilizokwenda Liverpool, Boston na New York. Walsh hawa wa magharibi hawakuwa na uhusiano wowote wa lazima na wale wa Newfoundland. Mtu akitazama tahajia tu atawaona ndugu. Akifuata bandari na miaka ataona misiba miwili tofauti.

Katika Marekani jina lilibadilika kidogo. Huko Munster na Connacht wengi walilitamka "Welsh", na makarani waliandika walichosikia, hivyo Walsh wengine wakawa Welsh au Welch. Wengine walilihifadhi umbo la awali na kuliinua. David Walsh, mwana wa wahamiaji wa Kiayalandi, alikuwa gavana wa kwanza Mkatoliki wa Massachusetts kuanzia mwaka 1914. Miaka mia moja baadaye, mwaka 2014, Marty Walsh, ambaye wazazi wake walitoka Connemara, alishika umeya wa Boston, kisha akawa waziri wa kazi wa Marekani kuanzia mwaka 2021 hadi 2023.

Ajentina ilipokea wahamiaji Waayalandi katika karne ya 19, wengi wao wafugaji wa kondoo kutoka Westmeath, Longford na Wexford. Wajukuu wao wakawa wasemaji wa Kihispania. María Elena Walsh, aliyeishi tangu 1930 hadi 2011, alitunga mashairi na nyimbo ambazo watoto wa Ajentina wamekua nazo. Rodolfo Walsh, mzaliwa wa 1927, alichapisha mwaka 1957 kitabu juu ya raia waliopigwa risasi kwa siri na polisi. Tarehe 24 Machi 1977, mwaka mmoja baada ya wanajeshi kupindua serikali, alikamilisha barua ya wazi ya kuwashtaki kwa mauaji na mateso. Kesho yake alipigwa risasi barabarani Buenos Aires, na maiti yake haikurudishwa kwa jamaa zake. Barua hiyo ilisainiwa kwa jina lake kamili.

Kulirudisha Jina la Kiayalandi

Wakati jina lilipokuwa likienea ng'ambo, nyumbani umbo la Breathnach lilikuwa likififia. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza, na daftari za serikali ziliandikwa kwa Kiingereza. Chama cha Conradh na Gaeilge, kilichoanzishwa mwaka 1893, kilishika kazi ya kuifufua lugha, na majina yalikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1905 Niall Mac Giolla Bhríde wa Donegal alishtakiwa kwa kuandika jina lake kwa herufi za Kiayalandi kwenye mkokoteni wake. Patrick Pearse, ambaye baadaye aliongoza maasi ya mwaka 1916, alimtetea mahakamani, na kesi ikashindwa. Sheria ilidai jina lililoandikwa kwa namna isomekayo, na mahakama haikukubali kwamba Kiayalandi kilisomeka.

Katika mapambano hayo kina Breathnach hawakukaa nyuma. Micheál Breathnach, aliyezaliwa Connemara mwaka 1881 na kufariki mwaka 1908 kwa kifua kikuu, alikuwa mwalimu na mwandishi aliyetumia maisha yake mafupi kuikuza nathari ya Kiayalandi. Kuandika Breathnach badala ya Walsh kulikuwa tangazo la uzalendo, na hapana aliyeona kichekesho kwamba jina hilo la kizalendo lilikuwa na maana ya Mwelshi. Padri Patrick Woulfe alipotoa kamusi yake kubwa ya majina ya koo mwaka 1923, aliipa jina lenye maana ya "Majina ya Wagaeli na ya Wageni". Breathnach lilikuwa, kwa asili, upande wa wageni. Kwa matumizi lilikuwa limekwisha hamia upande wa pili.

Hitimisho

Imeonekana kwamba Walsh ni jina moja kwa tahajia, majina mawili kwa lugha, na koo nyingi kwa nasaba. Kwa hiyo mtu anayetaka kuwatafuta babu zake wenye jina hili hapati faida kuuliza "Walsh walitoka wapi?" Jibu la swali hilo ni Wales, nalo halimsaidii. Yampasa kuuliza: Walsh wa wilaya gani, waliopanda meli katika bandari gani, mwaka gani, na walioandikwa na karani wa lugha gani.

Lipo pia funzo pana zaidi. Watu wanaobandikwa jina na wengine wana njia mbili. Njia ya kwanza ni kulikataa. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa pwani ya Kenya walioitwa Wanyika, yaani watu wa porini, ambao katika miaka ya 1940 walijichagulia jina la Mijikenda, miji tisa, lenye kusema wao ni nani kwa kauli yao wenyewe. Njia ya pili ni kulishika jina la kubandikwa hadi maana yake ya zamani ife na kuzikwa ndani yake. Ndiyo waliyoifuata akina Walsh. Hakuna njia iliyo bora kwa kila mahali, kwani neno lenye matusi hai halivumiliki kama neno ambalo tusi lake limekwisha sahauliwa. Lakini katika hali zote mbili, etimolojia peke yake haitoshi kueleza maana ya jina. Yaeleza tu alichokusudia mwenye kuita. Alichokifanya mwenye kuitwa hupatikana katika historia.